Chungu cha Nyuma ya Jiko

Mimi sipendi kusema habari za nyumba za watu, lakini hii ya Otilia nitaisema, maana wanaoisema hapa kijijini wanaisema vibaya. Wanadai alimtupa mama yake mzee kwenye theluji akaenda zake na bwana. Uongo mtupu! Nilikuwepo. Nilisimama palepale kwenye uzio wangu, na ni mimi niliyemrudisha yule mama ndani, si wao.

Nyumba yangu na yao zinatenganishwa na uzio wa mbao na rundo la kuni. Shangazi Serafina, maana huku kila mwanamke aliyekuzidi umri ni shangazi yako utake usitake, alijaliwa mabinti watatu. Agnesa na Sesilia waliolewa zamani wakahamia mijini huko bondeni. Wanakuja mara moja kwa mwaka na masanduku ya nguo ambazo hakuna anayezivaa. Akabaki Otilia, kitindamimba. Baba yao alipofariki, hakuna aliyeitisha kikao kuamua kwamba huyu ndiye wa kubaki. Ilitokea tu. Matanga yalipokwisha dada zake walipanda basi, na yeye akarudi ndani kuongeza kuni.

Na huku kwetu milimani, Orava ya juu, kuongeza kuni ni kazi ya maisha. Theluji hutuangukia viazi vingine vikiwa bado ardhini, na huyeyuka watu wa bondeni wakiwa wameshaanza kula mboga za bustani. Madirisha tunayafunga mawili mawili, katikati tunashindilia pamba, na hayafunguliwi tena mpaka Pasaka. Nyumba inaweza kuwa kubwa, lakini majira ya baridi watu huishi kwenye joto tu. Kwao palikuwa na jikoni, na nyuma ya jiko kubwa la matofali palikuwa na kichumba cha kulala ambamo vitanda viwili vilitazamana, cha mama na cha binti. Upande wa pili wa jikoni palikuwa na sebule, yenye picha za watakatifu na kitanda kizuri kisicholaliwa na mtu. Sebule haikuwashwa moto. Marehemu alilazwa humo kabla ya kuzikwa, na tangu siku hiyo Shangazi Serafina alifunga mlango akaweka ufunguo mfukoni mwa aproni.

Miguu ilipoanza kumsumbua alishika mkongojo, na mkongojo ule ulikuwa na maneno yake. Kugonga mara moja, maji. Mara mbili, kuni. Kugonga mfululizo ni "Otilia, uko wapi?" Nimeshuhudia mwenyewe tukicheka na Otilia uani, mkongojo ukagonga, kicheko chake kikakatika katikati kama maji ya bomba lililofungwa.

"Naja, mama!"

"Mlango! Umeacha mlango wazi! Unataka nife kwa baridi?"

"Nimeshafunga, mama."

"Nasikia upepo."

Hivyo ndivyo alivyoishi, jamani, tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa mpaka thelathini na sita. Akilala anasikia mama anapumua. Akiamka mama anamtazama. Siku moja aliniambia kwamba anapenda kwenda kumkamua ng'ombe, kwa sababu zizini ndiko mahali pekee ambapo mtu hamwulizi anawaza nini.

Hapo katikati akaja Vendelin. Huyu ni mkokotaji magogo wa kijiji cha nyuma ya mlima, mjane asiye na mtoto, mtu mkubwa mwenye masikio mekundu na maneno machache. Alimletea mume wangu Silvester magogo. Otilia akapita na ndoo mbili za maji, na Vendelin akaanza kufunga upya kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. Silvester akamwambia, "Ndugu yangu, hilo gogo halikimbii." Masikio yakazidi kuwa mekundu. Kufikia mavuno walikuwa wamekubaliana.

Sasa sikilizeni, maana wengine hamkulelewa hivi. Kwetu harusi hufungwa majira ya baridi, baada ya Krismasi na kabla ya Kwaresima, mashamba yakiwa yamelala. Na harusi bila rozmari, kile kimea cha majani membamba yanayonukia, si harusi, ni mkutano. Kila mgeni hubandikwa kifuani kijitawi cha rozmari chenye utepe, na taji la bibi harusi husukwa kwa rozmari, nayo lazima itoke kwenye chungu cha nyumbani kwake. Akiazima kwa jirani ataimbiwa nyimbo za kejeli mpaka wajukuu zake wazisikie. Anayeruhusiwa kumpa pandikizi ni mama yake wa ubatizo tu, basi. Lakini rozmari ni mmea wa nchi za jua. Usiku mmoja wa jalidi unaiua. Kwa hiyo kila vuli tunaing'oa bustanini, tunaitia kwenye chungu na kuiingiza ndani, na huko ndani ivuke baridi ikiwa hai mpaka siku ya harusi.

Kuna na hili jingine. Rozmari ya binti haitazamwi na mtu wa nje kabla ya siku yake, wala haiulizwi, wala haisemwi. Jicho la jirani huikausha. Ndivyo tulivyolelewa. Namna ya kuitunza kila mama humfundisha binti yake mwenyewe, mlango umefungwa, zamu yake ikifika. Mimi alinifundisha mama yangu. Watoto wa kaka yangu sikuwafundisha, wana mama yao.

Basi Otilia alipewa pandikizi na mama yake wa ubatizo, Paulina, akalipanda. Kiangazi kizima likanenepa pale bustanini. Vuli akaliingiza ndani. Kufika Krismasi majani yakaanza kupukutika, na kufika mwanzo wa Kwaresima palikuwa na kijiti. Harusi ikaahirishwa. Mwaka uliofuata vilevile. Uliofuata, vilevile. Na rozmari ina unafiki wake: ikifa haikwambii. Hubaki kijani wiki kadhaa, inanukia vizuri kabisa, kumbe mizizi ilishakufa zamani. Otilia akawa anainywesha maiti maji kila asubuhi, anaipangusa vumbi, anaisemesha.

"Mimi sikuzuii, mwanangu," Shangazi Serafina alikuwa akisema, na alisema hata mbele yetu. "Kuna siku nimesema neno baya juu ya Vendelin? Sijasema. Rozmari ndiyo inayokataa. Una mkono mzito, umemfuata baba yako."

Na Otilia aliamini. Hebu fikiria, mtu anaangalia mikono yake mwenyewe kama mikono ya mchawi! Dukani wakamtania, "Otilia, hiyo rozmari imeota mizizi mwaka huu, au wewe ndiye umeota?" Alicheka nao. Nikamwona anavyocheka, nikataka kumpiga mtu kibao.

Mwaka ninaousema, Paulina alifariki wakati wa kukata nyasi. Kwa hiyo chungu alichoingiza Otilia vuli ile kilikuwa cha mwisho. Hapakuwa na mwingine wa kumpa. Na Vendelin naye alikuwa amechoka, na nani wa kumlaumu? Alisimama hapo uzioni, kofia mkononi, theluji inamwangukia kichwani.

"Otka," alimwambia, ndivyo anavyomwita, "mimi sina maneno. Kabla ya Kwaresima nakuja na farasi. Mama aje naye, nimeshamtengenezea chumba. Ukitoka, umetoka. Usipotoka, sitarudi tena kukusumbua."

"Na rozmari ikifa?"

"Mimi siioi rozmari."

"Wewe humjui mama. Na mimi sitatoka nyumba hii kama mwizi, Vendelin. Dada zangu walitoka na taji. Mimi nitoke na nini?"

Vendelin alivaa kofia akaondoka. Otilia akabaki ameshika uzio mpaka mkongojo ulipogonga.

Juma moja kabla ya Krismasi nilikuwa napasua kuni, nikamwona anakuja mbio bila koti, macho mekundu.

"Shangazi Regina, nimeitupa."

"Umetupa nini?"

"Rozmari. Leo majani yameanza kudondoka. Mama akatazama, akasema, 'Unaona? Inaanza tena.' Alisema kama mtu anayeonja supu akakuta chumvi imekolea! Nikachukua chungu nikafungua sebule, ufunguo siku hizi uko msumarini maana hawezi kutembea sana, nikakiweka dirishani humo kwenye baridi. Nikakiambia kufa huko, kufa upesi, nimechoka kukuuguza!"

Hapaswi kuniambia habari za rozmari yake, na mimi sipaswi kusikiliza. Lakini neno lilishanitoka.

"Kwani mwanzo ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiko, kwenye kichumba tunacholala. Kwenye joto. Mama alisema ni ya nchi za jua, inataka joto, nisiiache ione baridi hata kidogo. Nimeikumbatisha na ukuta wa jiko miaka yote hii."

Shoka lilinidondoka. Haki ya Mungu lilinidondoka, nusura likate kidole cha mguu. Nyuma ya jiko! Mwanamke gani wa Orava hajui kwamba rozmari haiwekwi kwenye joto? Jalidi huiua, ni kweli, lakini jiko huiua vilevile, tena taratibu. Huikausha kutoka ndani. Rozmari hukaa sebuleni, chumba kisichowashwa moto, ambamo maji hayagandi kwa sababu ukuta wake mmoja unagusana na jikoni. Huwekwa dirishani ipate mwanga na hupewa maji kidogo sana, ilale mpaka majira yageuke. Shangazi Serafina aliwatoa mabinti wawili kwa rozmari nene kama vichaka. Alizitunza kwenye sebule ileile, mlango umefungwa, Otilia akiwa bado mtoto wa kucheza na paka. Alijua. Alijua siku zote.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakalia. Nilitaka kuruka uzio niingie mle ndani nimwulize yule mama ana moyo wa namna gani. Lakini nilimtazama Otilia alivyosimama pale anatetemeka, nikaona nikisema leo, kwa mdomo wangu mimi jirani, atasema namsingizia mama yake. Atakimbia kumtetea. Ndivyo alivyo.

"Usiitoe," nilimwambia.

"Nini?"

"Chungu. Kiache hukohuko sebuleni. Usikiguse, usikipe maji mpaka udongo ukauke juu."

"Kwa nini?"

"Ebo! Nimesema kiache! Nenda ndani utapata kichomi."

Akaenda ananitazama kama niliyerukwa na akili.

Sasa haya ya mkesha wa Krismasi alinisimulia mwenyewe. Walikaa mezani wawili, na sahani ya tatu ya marehemu kama desturi. Mama alichovya kidole kwenye asali akamchora msalaba kwenye paji la uso, kama tunavyowafanyia watoto wote, hata mtoto akiwa na mvi. Wakala maandazi membamba na asali na kitunguu saumu, wakanywa supu ya kabichi chachu. Kisha Shangazi Serafina akaweka kijiko chini.

"Otilia, kawashe moto sebuleni."

"Sebuleni, mama?"

"Ni Krismasi. Baba yako alilala humo. Tumwashie moto walau leo. Na kesho, na keshokutwa. Sikukuu nzima."

Otilia alisimama. Alishachukua kuni tatu mkononi. Ndipo akasita, maana yule mama ni mtu wa kuhesabu vijiti vya kiberiti. Hajawahi kuwasha moto sebuleni tangu mazishi. Agnesa alipokuja na mtoto mwenye kikohozi, walirundikana wote jikoni na sebule haikuwashwa.

Akaweka kuni chini, akachukua taa, akaingia sebuleni peke yake. Alidhani atakuta kijiti. Alikuta rozmari imeshikilia majani yake yote yaliyobaki, na juu kabisa, kwenye vichomozo, imetoa maua. Madogo, ya samawati hafifu, Krismasi, kwenye chumba ambamo pumzi yako unaiona.

Aliniambia alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alianza kukumbuka: mama akitoka sebuleni na rozmari ya Agnesa mikononi, mashavu yake mekundu kwa baridi. Mama akitoka na rozmari ya Sesilia, anafunga mlango upesi joto lisiingie. Aliyaona hayo kwa macho yake akiwa mtoto, akayasahau kwa sababu alimwamini mama yake.

Alirudi jikoni.

"Mama, ulijua."

Yule mama akaokota kijiko chake.

"Nilikuwa naamka usiku kuigusa kama imepoa. Ulikuwa umelala hapo kitanda cha pili, unaniona. Ulikuwa unaniona, mama?"

"Chakula kinapoa," Shangazi Serafina akasema.

"Miaka yote hii nimesema nina mkono mbaya!"

"Agnesa alienda. Sesilia akaenda. Baba yako naye akaenda. Kila anayepita mlango ule harudi." Akageukia jiko. "Mimi sikukufunga kamba."

Otilia hakuwasha moto. Alifunga sebule, akatia ufunguo kwenye uzi akauvaa shingoni, ndani ya nguo.

Mngedhani yamekwisha hapo. Wapi! Kujua si kutoka. Baada ya mwaka mpya Shangazi Serafina alilala kitandani akasema hainuki tena, anamfuata marehemu. Kula anakula, lakini kuinuka hataki. Mkongojo ukagonga kutwa. Chumba alichoandaliwa na Vendelin hataki kukisikia: hatoki nyumba ya mumewe ila kwa jeneza. Otilia akakonda. Saa za mchana anaweza kukaa sebuleni na koti la baba yake, kando ya chungu, kwenye baridi ile, kwa sababu humo mkongojo husikika kwa mbali. Nilimwona dirishani, nikamwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Ametoka kwenye kichumba cha joto akajifungia kwenye chumba cha barafu!

"Nikiondoka akafa?" aliniuliza uzioni.

"Na usipoondoka?"

"Si anakufa mama yangu, Shangazi Regina! Unasema kirahisi."

"Sisemi kirahisi, nasema kwa sauti, maana wewe huko ndani umezibwa masikio. Mimi niko hapa. Supu nitampelekea, kuni nitamwekea, matusi yake nitayasikia, nimeyazoea. Rozmari imechanua. Unataka ikufanyie nini zaidi, ikubebe mgongoni?"

Akacheka kidogo, akalia. Siku ileile alimtumia Vendelin salamu aje na farasi.

Siku ya harusi baridi ilikuwa ya kugandisha pua. Desturi ni kwamba kijitawi cha kwanza hukatwa na mama wa bibi harusi. Shangazi Serafina alikuwa amevalishwa, ameketi kitini kando ya jiko. Walipompa mkasi alisema mikono yake inatetemeka. Otilia akakata mwenyewe. Dada zake wakasuka taji, tukabandikwa vijitawi, jikoni kukanukia rozmari. Metodi, mzee wa harusi, akavua kofia akatoa maneno ya kuaga, yale ya kuomba radhi na baraka. Otilia alipiga magoti kwenye mbao mbele ya mama yake.

"Mama," Metodi akasema, "binti yako anakuomba umsamehe kila alilokuudhi, na umbariki anapotoka mlango huu."

Shangazi Serafina alitazama jiko. Mpiga fidla akashusha fidla. Tukasubiri, watu wazima wote, tunatazama viatu vyetu. Metodi akarudia maneno. Hakuna. Jiko linavuma tu. Nilimwona Otilia anavyoinua uso kumtazama mama yake, na uso ule sitaki kuuona tena kwa mtu yeyote. Mwishowe Vendelin akamshika kiwiko, akamwinua. Alipiga magoti bila baraka, akainuka bila baraka.

Wakatoka. Gari la kuteleza kwenye theluji lilikuwa tayari, farasi amefungwa kengele shingoni. Otilia akapanda, akapakatishwa chungu na kilichobaki cha rozmari, maana bibi harusi huichukua mpaka kwake kupya. Katika kulia kule na kubanana, hakuna aliyekumbuka kukifunika. Juu ya mlima kuna upepo unaokata, na safari ni ndefu. Ingefika imeungua kwa baridi. Nami nilikuwa nafungua mdomo niseme, ndipo mlango wa nyumba ukafunguka kwa kishindo.

Shangazi Serafina alitoka bila mkongojo. Amevaa ndara za ndani, anashikilia ukuta, kisha rundo la kuni, kisha hashikilii kitu.

"Simama! Vendelin, shika farasi! Simama!"

Watu wakaguna. Wote tuliwaza jambo moja. Otilia akawa mweupe, mikono imekaza chungu. Vendelin akavuta hatamu, masikio mekundu, hajui ashuke au asishuke.

Yule mama akafika kwenye gari anahema. Akainua mikono yake kichwani, akafungua fundo la kitambaa.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hatoki nje kichwa wazi. Mimi nimezaa nikiwa na kitambaa. Miaka yote ile ya ujirani sikuwahi kujua nywele za Shangazi Serafina zina rangi gani. Zilikuwa nyeupe, nyembamba, upepo ukazichukua. Mbele ya kijiji kizima, mbele ya wanaume, mbele ya mpiga fidla aliyeletwa kwa siku moja tu! Na yeye hakumtazama mtu. Alikivingirisha kile kitambaa kwenye chungu, akaifunika rozmari mpaka juu, akafunga fundo vizuri, na mikono ile haikutetemeka hata chembe.

"Isikae karibu na jiko," alisema. "Unanisikia? Chumba kisichowashwa moto. Dirishani, ipate mwanga. Maji kidogo tu, udongo ukishakauka juu."

"Najua, mama."

"Najua kama unajua. Lakini mimi ndiye wa kukwambia."

Otilia alitoa mkono mmoja akauweka kwenye nywele zile nyeupe. Kisha Shangazi Serafina akamgeukia Vendelin kwa ukali wake uleule.

"Unangoja nini wewe? Farasi anapoa!"

Gari likaondoka. Otilia aligeuka nyuma mara nyingi, lakini hakushuka. Mimi nilivua aproni yangu nikamfunika yule mama kichwa, nikamkamata kiunoni, na ni kweli alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tukaenda hatua kwa hatua mpaka ndani. Nikamketisha kando ya jiko, nikageuka haraka kufunga mlango kabla hajaanza kelele zake za upepo.

"Acha wazi kidogo, Regina," akasema. "Bado nasikia kengele."